Mgeni wa Siku Tatu

Chuoni, 9 Februari

Mama yangu,

Zile salamu za "natumaini u mzima kama mimi nilivyo mzima" ulinipiga marufuku tangu nikiwa bweni, ukasema mtu asiye mzima hawezi kuandika barua. Basi naingia moja kwa moja: nimepewa kituo! Kuanzia mwezi huu mimi ndiye mkuu wa utafiti wote wa wakimbizi na watu waliolazimika kuhama makwao hapa chuoni. Chumba nilichorithi kina dirisha moja linalotazama tangi la maji, kabati lisilofunga, na kiti cha yule profesa aliyestaafu, ambacho mguu wake mmoja umeegemezwa kwenye kitabu alichokiandika mwenyewe. Nimekiacha hapohapo. Si wasomi wengi ambao vitabu vyao bado vinabeba mtu.

Utafiti wa kwanza chini yangu ni mkubwa. Miaka yote watu wa kazi hii tumewauliza wakimbizi walipoteza nini. Mimi nataka tuwaulize waliishije: walilala wapi mara ya kwanza, nani aliwafungulia mlango, lini walianza kuwa watu wa pale walipofika. Wasaidizi wataingia miji kadhaa, na wetu umo. Wanachagua nyumba na karakana kwa kura, wanarekodi mazungumzo, kisha watu wengine kabisa wanayaandika, wakibadilisha kazi ya mtu, mji wake, hata mtoto wa kike wanamfanya wa kiume, ndipo maandishi yanifikie. Mimi sisikii sauti wala sioni jina. Na kanuni yetu kubwa ni kwamba mtafiti haruhusiwi kumtafuta aliyesema ni nani. Nimeitia sahihi mimi mwenyewe.

Sasa unajua ninakoelekea, maana umenizaa. Nimesikiliza watu wengi sana, Mama, ila aliyenibeba bado. Nilikuwa mgongoni kwako safari nzima na sijui hata mlipita wapi. Kila nikiuliza unaanza kuzungumzia sufi ya magodoro yako. Nikuambie ukweli, kimya chako kinanitisha. Nimekua nikidhani kuna jambo baya lilikupata njiani kwa sababu yangu, kwamba bila mtoto mgongoni ungekimbia mwepesi na ungeumia kidogo. Naomba uniruhusu nimtume mtu akusikilize. Sitakuja mimi. Atakuja mtu tu, mwenye masikio.

Mwanao,
Maswali


Nyumbani, 17 Februari

Mwanangu Maswali,

Hongera, hongera, na tena hongera! Barua yako niliisoma nimekaa juu ya godoro la mteja, nikaruka kwa furaha mpaka nikafumua mshono wa upande mzima. Nilipokupa hilo jina la Maswali ulikuwa huna hata meno yote, na nilidhani litakuletea matata tu. Kumbe kuna mahali mtu anapewa kiti kwa sababu ya kuuliza, japo kiti chenyewe kibovu.

Nimemwambia jirani yangu kinyozi kwamba mwanangu sasa ndiye mkubwa wa kuwatafiti wakimbizi. Akasimamisha mkasi hewani, akauliza, "Kwani wamepotea?" Nikamwambia hapana, wapo, mmoja ndiye huyu anayezungumza naye. Akacheka mpaka mteja wake akaomba ashushe kwanza mkasi.

Ombi lako nimelisikia, na jibu ni lile la mwaka juzi. Yaliyopita si ndwele, mwanangu, tugange yajayo. Nilikimbia, nikafika, nikala, nikalala, nimezeeka vizuri. Na hilo la kudhani ulinisumbua lifute kabisa. Ulikuwa mzito kidogo, tena ulinilowesha mgongo, basi. Mtoto gani hafanyi hivyo?

Sasa tuongee sufi. Ya msimu huu ina mbegu nyingi kuliko pamba yenyewe. Naichambua asubuhi, naianika juu ya turubai, upepo ukija nusu inahamia kwa kinyozi, naye analalamika kwamba wateja wake wanatoka na mvi ambazo hawakuja nazo. Nimepata kazi ya magodoro ya shule ya bweni, kwa hiyo sindano hailali. Kula vizuri. Wakubwa hukonda.

Mama yako


Nyumbani, 11 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Kaa chini kwanza, na kama una kikombe mkononi kiweke.

Jumanne nilikuwa karakana, sufi imenijaa puani, akaingia binti mmoja mwenye adabu, vumbi limempanda mpaka magotini. Akasema karakana yangu imeangukiwa na kura. Nikadhani nimeshinda baiskeli. Kumbe ni watu wa utafiti wa Maswali! Binti mwenyewe anatoka chuo kingine, wala hajui kwamba mimi ndiye niliyemzaa mkubwa wake. Nilifungua mdomo nimfukuze. Lakini alikuwa hoi, nikampa maji, akaketi kwenye godoro la mwisho nililoshona, akasema, "Lo, laini hili," na mtu akisifu mshono wangu unajua mimi nilivyo. Kisha akauliza kwa upole, "Nani aliwafungulia mlango?"

Nilifunguka kama gunia lililokatwa uzi. Nimesema yote, hata yale ambayo wewe mwenyewe sijakuambia.

Unajua kwa nini nilinyamaza miaka yote hii? Siku marehemu shemeji yako alipotupata, alifika mifupa mitupu. Wewe ulikuja baadaye na kile kikohozi. Kila jioni tukikaa mnaeleza, huyu alilala vichakani, yule alikunywa maji ya dimbwi, huyu alimzika rafiki kando ya barabara. Halafu mnanigeukia mimi, "Na wewe je, dada?" Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nacheka? Kwamba bibi aliyenipokea alikuwa kituko, na mtoto alikuwa kituko, na mimi nilikuwa nikilala nimeshiba? Mdogo wangu, nilinenepa! Basi nikasema, "Mimi pia niliona," nikafunga mdomo. Na ukishaufunga mara moja, kuufungua kunakuwa kazi.

Naona haya mpaka leo. Watu walikuwa wanakufa, nami nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena tangu hapo.

Usimwambie Maswali. Binti ameniapia kwamba siri ni siri, na mimi nimeweka sahihi. Isitoshe mwanangu anangoja machozi. Nikimpa kicheko atadhani mama yake hana moyo.

Dada yako


Chuoni, 2 Mei

Mama yangu,

Sufi yako imenifikia. Ilikuwa imenasa kwenye gundi ya bahasha. Nimeiweka kwenye kopo la kalamu. Wageni wanadhani ni kifaa cha utafiti.

Maandishi ya mazungumzo yameanza kuja, nami nasoma asubuhi hadi jioni. Ni kazi nzito, nisikudanganye. Lakini Ijumaa nilikutana na mtu mmoja ambaye tangu hapo haniachi. Sehemu ya maneno yake nitayasoma hadharani kwenye mhadhara wangu wa kwanza, na ruhusa ya kuyasoma alishaitoa, kwa hiyo si dhambi nikikuonjesha.

Ni mama mmoja, fundi viatu. Alikimbia peke yake na mtoto wake mchanga wa kiume mgongoni, mumewe hajulikani alipo. Akafika mlango wa bibi mmoja mkali ambaye alikuwa ameshawafungia wengi. Bibi akachungulia, amevaa miwani, akasema hapana nafasi. Wakati anasema hivyo, mtoto akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akamvua bibi miwani, akaing'ang'ania. Wakamvuta, wakambembeleza, wakamtekenya, wapi! Bibi akahema, akasema, "Basi ingieni, maana siwezi kulala bila miwani yangu na huyu hatoi. Lakini siku tatu tu."

Siku ya tatu asubuhi bibi akamjia na sindano. Akamwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la nyumba hii ni hili. Keti." Ndivyo huyo mama alivyojifunza ufundi, Mama! Siku ya nne akafunga kifurushi chake ili aondoke, maana siku zilikuwa zimeisha, na hapo mlangoni bibi akasema neno ambalo nilipolisoma nilicheka peke yangu mpaka katibu akaja kunitazama. Hilo sikuandikii. Nimeliweka akiba ya mhadhara.

Anasema miezi ile ilikuwa ya furaha kuliko yote maishani mwake. Katika utafiti wa miaka yangu yote sijawahi kusoma sentensi ya namna hiyo. Mzee wa Takwimu, yule mwenzangu anayetembea na rula mfukoni, anataka tumwondoe. Anasema mtu mmoja mwenye furaha kati ya wote hao ni kama kokoto kwenye mchele. Unaitoa, unaendelea kupika. Tena watu wakisikia mkimbizi alicheka, watasema wakimbizi wote wako sawa, hawahitaji msaada. Hoja yake si ya kipuuzi, ndiyo maana inaniumiza kichwa. Nisipompatia jibu kabla ya mhadhara, fundi wangu anatolewa kwenye ripoti.

Nakiri nilimwonea wivu yule mtoto. Yeye ndiye aliyefungua mlango. Laiti nami ningejua nilifanya nini njiani zaidi ya kukulowesha mgongo.

Natamani mngekutana, wewe na huyo mama. Mngepatana sana.

Mwanao,
Maswali


Nyumbani, 10 Mei

Mwanangu Maswali,

Siri zenu zinavuja kama ndoo ya bati. Nashukuru sijawahi kukuambia zangu.

Kupatana na huyo mama, sidhani. Wanawake wanaochekacheka huwa wabishi. Halafu fundi viatu! Una uhakika alisema viatu? Sindano kubwa kama hiyo ina kazi nyingi, mwanangu, msiwe mnaandika tu. Na huyo mtoto wa kiume sijui kama namwamini. Kwa uzoefu wangu wa kulea, wenye mikono mirefu ya kuvua watu miwani ni wasichana.

Lakini kama unaniuliza mimi, ambaye sijui lolote, usimtoe. Kokoto kwenye mchele huitoi kwa kuitazama tu, unaishika kwanza kwa vidole. Pengine ni punje iliyoiva.

Nami nina swali, maana wewe si wa kuuliza peke yako. Ulipomsoma, hukumwona kama mtu asiye na moyo? Wenzake wanalala vichakani, mumewe hajulikani kama yu hai, yeye anacheka na bibi mwenye miwani. Mimi ningekuwa mtoto wake ningeona aibu. Nijibu ukweli, usinipambie.

Magodoro ya shule yamebaki machache. Kinyozi amenunua turubai lake, ameliweka mpakani kuzuia sufi. Sasa sufi inapanda juu yake na kuingia kwa jirani wa pili, mshona nguo.

Mama yako


Chuoni, 18 Mei

Mama yangu,

Umeniuliza swali ambalo jopo zima la maprofesa halikuniuliza, nami nakujibu bila kupamba.

Hapana. Nilipomaliza kumsoma nililia, na hayakuwa machozi ya huruma. Nilimpenda. Nilifikiri juu ya yule mtoto, kwamba wakati dunia yote ya mama yake imebomoka, yeye alijifunza kutembea katika nyumba yenye vicheko. Alidhani dunia ndivyo ilivyo. Mama yake alimpa hilo na wala hajui kama ni zawadi, anadhani ni kosa. Anasema mara mbili, "Naona haya." Kama ningekuwa mtoto wake, Mama, nisingeona aibu hata chembe. Ningetaka kujua kila kitu, hata rangi ya miwani.

Na neno lako la kokoto nililichukua kama lilivyo, nikaenda nalo kwa Mzee wa Takwimu. Nikamwambia hatujui kama yuko peke yake, kwa sababu wengine hatukuwahi kuwauliza. Tumekuwa tukiwauliza wapi pameuma, nao kwa adabu wanatuonyesha panapouma. Alikuna kichwa kwa rula, mwishowe akakubali wasaidizi warudi na swali moja zaidi kwa wale waliokwisha kuhojiwa: kulikuwa na siku mliyocheka? Tunasubiri majibu.

Mhadhara ni Ijumaa ya tarehe 14 Juni, ukumbi mkubwa, saa kumi jioni. Nimekuwekea kiti safu ya mbele, na kingine cha mama mdogo. Najua utasema magodoro. Magodoro yatakungoja, Mama, ndiyo kazi yao.

Mwanao,
Maswali


Nyumbani kwa mama mdogo, 28 Mei

Dada,

Barua yako ya Machi niliisoma na nikakasirika, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Sasa nimepata ya juzi, unayosema huendi kwenye mhadhara wa mwanao kwa sababu "utajisikia uchi ukumbini". Sasa na mimi nakuambia wewe kaa chini, tena weka na sindano.

Ulinenepa! Hivi ulidhani hatukuona? Siku niliyofika nilisimama uani nikaona mwanamke ana mashavu kama mipira, sikukutambua mpaka ulipocheka. Unajua nilifanya nini usiku huo? Nilishukuru. Nikasema, angalau mmoja wetu alikula. Kule vichakani, dada, kitu kilichonitembeza ni kufikiri kwamba wewe na mtoto mmekaa mahali pakavu. Sikuwa na habari yoyote, nilijitungia tu. Nilikuwekea mezani taa, nikakupa blanketi, nikakuweka ukicheka, maana wewe kila siku ulikuwa wa kucheka. Kumbe nilichotunga kilikuwa kweli! Sasa hilo ndilo unalonionea haya? Ungeniambia siku ileile, kikohozi changu kingepona nusu.

Na shemeji naye, usidhani hakujua. Aliwahi kuniambia, "Dada yako hasemi, lakini mtoto wangu haogopi mtu. Kuna aliyewatunza vizuri." Alikuwa amefurahi. Alingoja umwambie mwenyewe, nawe hukumwambia, naye akaona si adabu kukuuliza. Mmefichana jambo zuri mpaka kifo, watu wazima na akili zenu.

Sasa mwanao anakuuliza kila mwaka kwa maneno yaleyale. Unataka kurudia?

Nimeshakata tiketi mbili za basi. Vaa ile nguo ya bluu. Na ukiniambia magodoro, nitakuja kuyashona mimi, na unajua nishonavyo.

Mdogo wako


Chuoni, 17 Juni

Mama yangu,

Mliondoka mapema mno. Nilikuja nyumba ya wageni na mkate wa moto, mhudumu akasema wale akina mama wawili wamechukua basi la kwanza, na yule wa nguo ya bluu amewashauri wageuze magodoro yao juu chini. Nikaula mkate na mhudumu.

Asante kwa kuja. Sitasahau nilivyokuoneni mmekaa safu ya nyuma karibu na mlango, wakati viti vyenu vya mbele viko vitupu vimeandikwa "wageni wa mkuu". Mzee wa Takwimu alikuwa pembeni yangu ameshika majibu ya wasaidizi. Ulisikia mwenyewe alivyosimama kukiri: wengi, walipoulizwa, walikuwa na siku ya kucheka. Mmoja alicheka kwa sababu ya mbuzi, mwingine kwa sababu ya kofia. Vicheko hivyo havikupunguza hata kidogo waliyopoteza, na hayo pia waliyasema. Ripoti inatoka na vyote viwili. Fundi wangu anabaki, tena ndiye anayefungua sura ya kwanza.

Lakini siyo hilo ninalokuandikia.

Nilipofika mahali pa siku ya nne, nilisoma hivi: "Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua kifurushi. Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniuliza, unakwenda wapi? Nikamwambia, bibi, siku tatu zimeisha." Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nimejizoeza nyumbani: unasoma, unanyamaza, unavuta pumzi, ndipo unalisema lile neno, ili ukumbi ulipokee vizuri. Na katika kile kimya, mtu mmoja akacheka.

Kisha mimi nikasoma: "Akasema, nani amekuambia zimeisha? Leo ni siku ya kwanza." Na ukumbi mzima ukacheka, na tena wakacheka niliposoma kwamba kila baada ya siku tatu alifunga kifurushi, na kila mara bibi alisimama palepale na kusema vilevile, mpaka mtoto akajua kutembea na kwenda kusimama mlangoni na bibi, mikono kiunoni. Wote walicheka, Mama. Lakini wote walicheka baada yangu. Wewe ulicheka kabla.

Nilimwona mama mdogo akikufinya. Nilikuona ukijiziba mdomo. Nami nilikuwa nimeshika karatasi mbele ya watu wote wale, na herufi zikaanza kuogelea, ikabidi Mzee wa Takwimu anisogezee maji. Watu walidhani ni uchovu.

Nina kanuni niliyoitia sahihi. Mtafiti haruhusiwi kumtafuta aliyesema ni nani. Wasaidizi wangu wote wanaifuata na mimi ndiye mkubwa wao, kwa hiyo sikuulizi kitu. Hii ni barua ya kwanza maishani mwangu isiyo na swali hata moja, unaweza kuikagua. Nakuambia tu kwamba nimekuwa nikitembea siku hizi mbili nikiitazama mikono yangu, na kwamba nina furaha sana, na sijui niiweke wapi.

Mwanao,
Maswali


Nyumbani, 25 Juni

Mwanangu,

Nimeikagua. Kweli haina swali. Nilidhani unaumwa.

Kabla ya kukuandikia nimefanya mambo kwa utaratibu, maana mama wa mkuu hawezi kuvunja kanuni za mkuu. Yule binti wa utafiti aliporudi na swali la kucheka, nilimuuliza: wewe huruhusiwi kumtafuta msemaji, sawa, je, msemaji naye amekatazwa kujitokeza? Akasema hapana, siri ni ya mwenyewe, akitaka kuisema ni yake. Basi.

Yule fundi wako hakuwa wa viatu. Viatu! Nilikaa ukumbini nimekunja uso mpaka mdogo wangu akaniuliza nimeumwa na nini. Na mtoto wake hakuwa wa kiume. Alikuwa msichana, mwenye mikono mirefu, na miwani aliyovua ilikuwa ya duara, mkono mmoja umekazwa kwa uzi mwekundu wa kushonea. Umetaka rangi, ndiyo hiyo. Milango yote ya barabara ile ilikuwa imefungwa, mwanangu. Nilikuwa nimebisha mpaka vidole vinauma. Hukuwa mzigo. Wewe ndiye uliyebisha mlango ukafunguliwa.

Nilicheka kabla kwa sababu sikuweza kujizuia. Uliponyamaza pale mbele nilimwona yule bibi kabisa, na mikono yake kiunoni, nikasikia anakuja na neno lake. Nimelificha miaka yote nikidhani ni aibu, kumbe nilikuwa nimekunyima urithi. Mama yako mdogo amenigombeza njia nzima ndani ya basi, abiria wakawa upande wake.

Bado kuna mengi ambayo yule binti hakuyarekodi. Kuna habari ya jogoo. Kuna siku baba yako alipotokea, na bibi akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia na yeye siku tatu tu. Hayo siyaandiki. Magodoro ya shule yameisha, karakana iko wazi, kinyozi ameulizia lini atamwona huyo anayetafuta wakimbizi waliopotea.

Njoo likizo ikianza. Nitakupokea siku tatu tu. Siku ya tatu asubuhi nitakupa sindano, maana godoro lako la zamani limebonyea katikati na mimi silishoni peke yangu. Na siku ya nne, ukianza kufunga mkoba wako, nitakuwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nitakachosema unakijua.

Mama yako,
fundi magodoro